Wote Walimwambia Mama Apumzike

Baba mkubwa alipiga simu nikiwa nimeinama ndani ya kasha, natandika gunia bichi. Natengeneza makasha ya mboga yenye miguu, hapa Tunduma, kwa watu ambao nyua zao zimemwagwa saruji na hawana pa kupanda hata kitunguu. Kazi hii sikuisomea popote. Nilijifunza kwa kukosea, na kila kasha nalipima mara tatu kabla ya kulipeleka, halafu usiku silali nikifikiria mguu mmoja ulioinama kidogo ambao mteja hata hajauona.

"Nambeye, mwanangu," alisema. Kwetu binti wa akina Simbeye ni Nambeye, hata awe na majina mengine mia, na baba mkubwa akiniita hivyo najua kuna kitu anataka.

"Shikamoo, baba mkubwa."

"Marahaba. Nasikia unawatengenezea watu vichanja vya mboga huko mjini."

"Ndiyo."

"Sasa mwenzio kiuno kimekataa. Nikiinama siinuki. Nataka uje unijengee kichanja kama kile cha mama yako. Kile kile, nikae kwenye kiti changu nilime mboga zangu. Hawa watoto wangu hapa, kila saa, baba pumzika, baba pumzika. Jembe wamelificha! Wewe ni mtu mzima sasa, hebu niambie, wanajua wanachokisema hawa?"

Nilimwambia nitampigia. Nikalitoa gunia nililokuwa nimeshalitandika vizuri, nikalitandika tena, nikalitoa tena. Gunia lililolowa, udongo mweusi, na yale maganda ya kahawa yaliyooza ninayochanganya ndani yake. Ile harufu ilinipanda kichwani kama pilipili. Wanajua wanachokisema, baba mkubwa. Wamejifunza kwako. Na mimi nilijifunza kwako, nikiwa na miaka tisa.

Tuliishi Isansa wakati huo, mama, mimi na mdogo wangu Faraja, nyumba ya pili kutoka kwa baba mkubwa. Baba aliendesha lori, anavuka mpaka anaingia Zambia, anaendelea mpaka Kongo, na tukimwona mara moja kwa mwezi tulishukuru. Mama ndiye aliyekuwa nyumbani, na mama alikuwa na bonde. Ni kipande tu cha ardhi nyeusi kando ya kijito, alichopewa na baba siku walipooana, lakini hata kiangazi hakikukauka. Mboga za mama zilijulikana. Ukisikia mtu anasema "chainizi ya bondeni", alikuwa anasema ya mama.

Kisha mama alidondoka kutoka juu ya lori lililokuwa linawarudisha watu kutoka mnadani. Alikaa hospitali muda ambao kwangu ulikuwa kama umri mzima, na aliporudi, alirudi kwenye kiti cha magurudumu ambacho baba alikipata ng'ambo ya mpaka, kimetumika, kinalia kama panya kila kinapozunguka. Kuanzia kiunoni kwenda chini hakusikia kitu.

Watu walikuja kumpa pole. Walileta sukari, mayai, mchele wa Kamsamba uliofungwa kwenye khanga. Wote, mmoja baada ya mwingine, walimshika mkono na kumwambia neno lile lile. "Pumzika, mama." "Sasa wewe ni wa kupumzika tu." "Acha watu wakusaidie, upumzike."

Mimi nilikuwa napanga vikombe vya chai kwenye sinia, nahakikisha mikono ya vikombe imeelekea upande mmoja, na kila neno hilo lilipotamkwa nilivipanga upya. Kwa sababu nilishalisikia. Kanisani kila Jumapili mzee wa kanisa alisimama na karatasi ya matangazo akasema bibi fulani amepumzika, mazishi saa saba. Mtoto wa jirani alipumzika. Babu alipumzika, nikamwona anashushwa. Kwa hiyo nilichokiona sebuleni kwetu kilikuwa mstari wa watu wazima, wenye nguo safi, wakimwomba mama yangu afe. Na mama alikuwa anawajibu, "Asanteni."

Sikumuuliza mtu. Nilikuwa mtoto wa kutouliza, mtoto wa kujitahidi. Niliamua tu kwamba mama hatapumzika nikiwa macho. Akifumba macho mchana, naangusha sufuria. Akinyamaza muda mrefu, namwita kumwuliza chumvi iko wapi, wakati chumvi ninayo mkononi. Mara moja nilimkuta amelala kitandani saa tisa mchana, nikamtekenya unyayo ili aamke. Hakutikisika. Nikatekenya mwingine. Nilikuwa nimesahau kwamba miguu ile haisikii. Nilipiga yowe mpaka Faraja naye akaanza kulia, na mama akaamka akauliza nyumba inaungua au vipi.

Halafu baba mkubwa akaja. Nilipiga magoti mlangoni kumwamkia kama tulivyofundishwa, akanipapasa kichwa, akaketi kwenye kiti cha baba.

"Shemeji," alimwambia mama, "nimefikiria habari ya lile bonde. Kiti hicho hakifiki kule. Nitalishika mimi, wewe upumzike."

Mama alisema, "Watoto wanaweza kulima, mimi nikiwaelekeza."

"Watoto wasome. Wewe pumzika."

"Shemeji, nimevunjika mgongo, sijavunjika kichwa."

Alicheka, kama mtu anayecheka maneno ya mtoto. "Ndiyo maana nakwambia upumzike," akasema, na wiki ile ile watoto wake wakashuka bondeni na majembe, wakang'oa chainizi ya mama iliyokuwa bado inachumwa, wakapanda viazi vyao.

Nataka niseme wazi: sijawahi kulisamehe lile cheko. Miaka imepita, nimeshasali, nimeshakunja ngumi chini ya meza kwenye sikukuu za ukoo, bado lipo.

Mvua za kwanza zilipokuja, mwishoni mwa mwaka, kila mtu aliinama. Ndivyo ninavyoukumbuka msimu ule kwetu: migongo. Ukitazama bonde, ukitazama mlima, ni migongo ya watu na majembe yanapanda na kushuka. Mama alikaa barazani, mvua inanyunyiza magurudumu, akatazama uwani. Uwani kulikuwa na vichanja vinne vya kuanikia kahawa, meza ndefu za miti zenye waya juu. Viwili vilikuwa vya baba mkubwa, viwili vya baba yangu. Kahawa ilikuwa imeshauzwa, na vichanja vingekaa vitupu mpaka mavuno mengine. Kuku walikuwa wanalala chini yake.

"Lete kamba," mama aliniambia.

Nilimletea kipande cha katani. Akaniambia nikanyage ncha moja pale kiti kiliposimama, niivute juu. Nilipofika juu kidogo ya magoti yake akasema, "Funga fundo." Nilipofika kwenye kiwiko chake akasema, "Funga lingine." Kisha akanituma nikapime vichanja. Waya wa vichanja ulipita fundo la pili, ukafika karibu na kidevu changu. "Virefu," nilisema. Mama akasema, "Msumeno wa baba yako uko chini ya kitanda."

Tulikata miguu ya vichanja viwili, vya baba tu, mimi na msumeno wenye meno yaliyoisha, Faraja amekalia meza ili isicheze. Ilichukua siku mbili. Mguu mmoja niliukata mfupi kwa upana wa kidole, nikalia, mama akasema weka jiwe. Niliweka jiwe. Jiwe lile linanisumbua mpaka leo. Nadhani kila kasha ninalotengeneza ni la kulifidia.

Mara ya kwanza tulitandika magunia juu ya waya, tukajaza udongo, na mvua ya jioni ile ile ikaufanya mzito, waya ukapasuka, udongo wote ukawaangukia kuku. Mama alicheka, mara ya kwanza tangu hospitali. Tukapanga fito chini ya waya, karibu karibu, tukaanza upya. Faraja alibeba udongo kwa kopo la maziwa, kopo moja baada ya jingine, anahesabu mpaka kumi anarudia moja. Mimi nilibeba samadi na maganda ya kahawa kutoka nyuma ya mashine ya kumenyea, nikinuka uchachu mpaka shuleni wakanihamisha dawati.

Siku ya kupanda, mama alisogea na kiti chake, magoti yakaingia chini ya kichanja bila kugusa, mikono ikafika mpaka katikati. Alikaa hivyo muda mrefu viganja vikiwa juu ya udongo, kama mtu anayepasha mikono moto. Kisha akaanza. Yeye upande wake alimwaga mbegu za mchicha kwa vidole vitatu, haraka, kama anatia chumvi. Mimi upande wangu nilipanda chainizi kwa njiti ya kiberiti, njiti moja kati ya shimo na shimo, na nilipofika mwisho wa mstari nikaona umepinda, nikafukua zote nianze tena.

"Unafanya nini?" mama aliuliza.

"Umepinda."

"Mboga haijui mstari."

"Mimi najua."

Akanitazama. "Wewe nani kakutisha?" aliuliza. Nikachukua njiti nikatoboa shimo la kwanza upya.

Waliopita njiani walisimama. Kwetu mwanamke analima ameinama; anayelima ameketi ama ni mgonjwa ama ni mvivu, na mama hakukubali kuwa yeyote kati ya hao. Mama mmoja jirani, mwenye mdomo, alishika kiuno akapaza sauti, "Mwe! Siku hizi mboga zinaandaliwa mezani kabla hazijapikwa?"

"Karibu ule," mama akamjibu. "Ninyi mnaziinamia, mimi zinaniinukia."

Wanawake walicheka mpaka mizigo ikayumba vichwani, na siku chache baadaye huyo huyo mwenye mdomo akaja kuomba miche.

Siku nyingine, mboga zimeshafika urefu wa kiganja, nilirudi kutoka shule nikamkuta mama kwenye kichanja, ameinamisha kichwa, macho yamefumba, mkono mmoja umezama kwenye udongo. Jua lilikuwa limetoka baada ya mvua na kila kitu kilikuwa kinatoa mvuke. Nilitupa mkoba. Nilimshika mabega nikamtikisa kwa nguvu zangu zote.

"Mama usipumzike! Usipumzike! Wakisema pumzika ukatae!"

Aliamka ameshtuka, udongo kwenye shavu. Nikamweleza yote kwa kwikwi, matangazo ya kanisani, wageni, baba mkubwa. Mama alianza kucheka, akacheka mpaka machozi yakamtoka, akanivutia kifuani. "Mwanangu, kupumzika ni kulala tu, ni kukaa bila kazi. Hawakuwa na maana hiyo." Kisha cheko likakatika katikati. Alitazama upande wa bondeni, ambako viazi vya watu vilikuwa vimetambaa juu ya udongo wake. Sikuelewa kwa nini uso wake ulibadilika vile. Sasa naelewa.

"Sawa," alisema. "Sipumziki."

Tulikula kutoka kwenye vile vichanja msimu mzima. Mchicha, chainizi, figiri, vitunguu vya majani. Mama alianza kuuza tena, mafungu kwenye ubao mbele ya baraza, na watu wakaanza kusema "chainizi ya mezani". Nilikuwa nafunga mafungu mimi, kila fungu majani kumi na mawili, mashina yamekatwa sawa. Niliona kwamba nikifanya kila kitu bila kosa, hakuna atakayeweza kumwondoa mama.

Ninachokiandika sasa sijawahi kumwambia mtu, hata Faraja.

Mavuno ya kahawa yalipoanza, mama alikwenda kliniki Vwawa, shangazi akamsindikiza. Nilikuwa nimebaki na Faraja. Baba mkubwa aliingia uwani na wanawe wawili. Nilipiga magoti. Alitazama vichanja vyake viwili, akasema havitoshi mwaka huu. Akatazama vya kwetu, vimejaa kijani kibichi mpaka pembeni.

"Nani aliikata miguu hii?"

Mimi ndiye niliyekata. Msumeno nilishika mimi. Nikasema, "Mama."

Akatikisa kichwa. "Hata akiwa amekaa, mama yenu hatulii." Kisha sauti ikawa laini. "Nambeye, wewe ni mtoto mwenye adabu. Sikiliza. Kahawa ya ukoo inahitaji vichanja. Wangu hawa wataharibu mboga za mama yako, wana mikono ya ng'ombe. Wewe una mkono mzuri. Zitoe wewe, taratibu, ili mama apumzike sasa."

Alisema neno lile, mbele yangu, nami nilishajua maana yake zote mbili. Na nilizitoa. Niling'oa kila mche, mkubwa na mdogo, hata figiri iliyokuwa na majani mawili. Hakuna aliyenipiga. Hakuna aliyenitisha. Nilisifiwa tu, nikafanya. Na nilifanya vizuri, ndilo linalonitia wazimu. Nilikung'uta udongo kwenye mizizi, nikafunga mafungu, nikayapanga ukutani kwa urefu, makubwa kushoto, madogo kulia. Faraja alikuwa analia ananivuta gauni, nikamwambia aache kuniharibia mstari. Baba mkubwa akasema, "Angalia! Mwanamke kamili," wakainua vichanja wakaenda navyo, udongo unamwagika njia nzima.

Mama alirudi alasiri. Kiti kilisimama getini. Alitazama uwani, akatazama alama za miguu minane ya vichanja kwenye ardhi na jiwe langu limebaki peke yake, akatazama ukuta.

"Nani kafunga?"

"Mimi."

Magurudumu yalilia mara moja. "Umefunga vizuri," alisema.

Mpaka leo mteja akiniambia kasha langu ni zuri, nasikia sauti ile, na naangalia ni nini nimeua.

Akaomba aingizwe ndani, akageukia ukutani, akalala. Ilikuwa bado mchana. Hakutaka chai, hakutaka uji. Nilikaa miguuni pake na nilijua kwamba nimemaliza mimi kazi ambayo watu wazima wote walishindwa. Nilimtekenya unyayo. Nilijua hasikii, nikamtekenya hivyo hivyo, mpaka jua likaondoka dirishani.

Asubuhi niliamshwa na sauti yake. "Lete kamba."

Tulikwenda, mimi na Faraja, kutafuta miti yenye panda. Mama alichagua kila mmoja. Akatuelekeza tuchimbe mashimo, marefu kama mkono wangu wote, na kila tulipotaka kuacha alisema bado. "Safari hii tunachimbia," alisema. "Anayetaka kukichukua achukue na ardhi." Tulisimamisha panda sita, tukalaza miti, fito, magunia, udongo, na mimi nilipima kila panda kwa kamba yenye mafundo mawili. Baba mkubwa alipita, akatazama, akafungua mdomo. Mama alimwahi. "Shikamoo, shemeji. Usiniambie."

Kichanja hicho kipo hadi leo. Miti imebadilishwa mara nyingi, mahali ni pale pale. Na ndicho baba mkubwa anachokitaka sasa.

Nilimpigia mama simu, nikamwambia nani kanitafuta, na kwa nini. "Kiuno?" akauliza. "Pole yake. Mwambie apumzike."

Tulicheka wote wawili, cheko baya, cheko ambalo tulikuwa tumelitunza miaka mingi. Halafu akasema, "Mjengee."

"Mama!"

"Mjengee. Ila usitumie kamba yangu. Mimi mfupi, magoti yake yatagonga, atakaa upande upande kama anapigwa picha."

Nilikuwa nimeshalifikiria hilo. Nikiri tu: nilikuwa nimeshaitoa ile kamba kwenye sanduku, naikunjua, naona magoti yake yanavyogonga.

"Na bonde?" nikauliza.

"Bonde mwambie wewe. Mimi nilishamwambia."

Nikampigia. Nilimwambia nitakuja Jumamosi, na kabla sijagusa mti hata mmoja, yeye na mjumbe wa nyumba kumi na mama watashuka bondeni, mama akisukumwa na mimi, na vigingi vya mpaka vitarudi pale vilipokuwa. Baada ya hapo nitajenga.

"Bonde lile?" Sauti yake ilikuwa ya mtu aliyeonewa. "Mwanangu, mimi si nilimpunguzia mama yako mzigo?"

"Ndiyo, baba mkubwa. Na mimi nakuja kukupunguzia wewe."

Nilisikia kuku wake, na mtoto wake mmoja kwa mbali akimwambia, baba, ingia ndani upumzike. Kisha akasema, kwa sauti ndogo ambayo sijawahi kuisikia kutoka kwake, "Njoo Jumamosi."

Nitakwenda. Najua atakavyonipokea. Atasema karibu Nambeye, umetoka mbali, pumzika kwanza, na watanivutia kiti. Sitakaa. Nitabaki nimesimama mpaka kigingi cha mwisho kiwe ardhini. Kisha nitatoa futi, na hapo itanibidi nipige magoti mbele yake, kwa sababu goti la mtu aliyeketi halipimiki ukiwa umesimama, na mimi sijui kujenga kitu kibovu hata kwa mtu huyu. Nitapima mara tatu. Ila asije akadhani namwamkia.